Kufundisha Kanuni Pamoja na Sababu Zake: Funzo Kutoka Mchezo wa Karata

Katika makala haya sikusudii kuwafundisha walimu wenzangu kucheza kamari. Nalisema hilo mapema kwa sababu Mkuu wetu wa Chuo, nilipomweleza kwamba nataka kuleta karata darasani, aliniuliza kwanza kama ninaumwa. Nia yangu ni kueleza jinsi nilivyojifunza kanuni za mchezo mmoja, jinsi nilivyozifundisha vibaya, na jinsi wanachuo wenyewe walivyonionyesha njia iliyo bora. Lakini jambo hili haliwezi kuelezwa kwa ukweli bila mimi kukiri kosa langu, nami nimeona afadhali nilikiri hapa, mbele ya watu wa kazi moja nami.

Mimi ni mkufunzi wa Hisabati. Nilizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay, na sasa naishi na kufanya kazi huku juu milimani, upande wa Mbinga. Mdogo wangu alibaki ziwani. Yeye ni mvuvi wa usipa, wale dagaa wetu wanaovuliwa usiku kwa taa. Miaka michache iliyopita niliitwa Dar es Salaam kwenye semina, na mdogo wangu akanikabidhi sh. 240,000 nimnunulie wavu, maana wake ulikuwa umechakaa kiasi kwamba usipa wengi walikuwa wakirudi majini kabla ya kufika ndani ya mtumbwi.

Jioni moja baada ya semina, wenzangu wawili walinichukua kwenda kuona jumba la kamari. Nchini kwetu biashara hiyo ni halali. Inatawaliwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ipo Bodi inayoisimamia. Nilikwenda kutazama tu. Nilivutwa na meza ya mchezo uitwao ishirini na moja, kwa sababu ulionekana mwepesi, na kwa sababu (hapa ndipo kiburi cha mkufunzi wa Hisabati kilipoingia) nilidhani hesabu zangu zingenisaidia.

Kwa wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Kila karata ina thamani ya namba yake. Karata za picha, yaani Mfalme, Malkia na Jeki, kila moja ni 10. Na ree huhesabiwa 1 au 11, kwa hiari ya mwenye nayo. Mchezaji hupewa karata mbili. Mgawaji naye hujipa mbili, moja akaifunua na nyingine akaificha. Mchezaji aweza kuomba karata nyingine au kutulia. Shabaha ni kumshinda mgawaji bila kupita 21. Ukipita, dau lako linachukuliwa papo hapo. Mgawaji yeye hana hiari. Akiwa na 16 au pungufu sharti achukue, akifika 17 sharti atulie.

Mimi nilikuja na mbinu yangu. Nilianza na dau la sh. 5,000. Nikishindwa, naweka 10,000. Nikishindwa tena, 20,000. Na kuendelea hivyo, nikijua kwamba siku nitakaposhinda mara moja tu, hasara yote itarudi na 5,000 juu yake. Kwa muda wa saa moja na zaidi mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Kisha nikashindwa mara saba mfululizo. Msomaji aweza kujumlisha mwenyewe: 5,000, 10,000, 20,000, 40,000, 80,000, 160,000 na 320,000. Jumla yake ni 635,000. Posho yangu ya semina ilikuwa 395,000. Zilizobaki zilikuwa za wavu.

Ninyi mnaofundisha mifuatano ya namba mtaona aibu kwa niaba yangu. Mfuatano wa kuzidisha kwa mbili ni jambo ninalolifundisha kila mwaka, nikitoa mifano ya punje za mahindi. Katika mchezo ule, ukiacha sare, uwezekano wa kushindwa kila mkono ni zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo katika kila mianzo 100 ya mtindo ule, mmoja hivi huishia kwenye kushindwa mara saba mfululizo. Nami usiku ule nilikuwa nimekwisha kuanza mara nyingi sana. Kushindwa kwangu hakukuwa mkosi. Kulikuwa kunanisubiri.

Niliporudi nilimwambia mdogo wangu kwamba nyavu zilikuwa zimekwisha dukani, na kwamba fedha nimeziacha kwa mwenye duka zingoje shehena mpya. Uongo huo uliishi miezi minne. Katika miezi hiyo mdogo wangu aliweka mtumbwi wake pembeni akawa anavua katika mtumbwi wa mtu mwingine kwa mgawo.

Basi, ndipo nilipoanza kujifunza. Nakiri tena kwamba sikuanza kwa nia njema ya kielimu. Nilitaka kurudi Dar es Salaam nikazikomboe fedha za wavu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa mchezo huu ipo kanuni kamili, iliyopigiwa hesabu, inayomwambia mchezaji afanye nini kwa kila mkono anaoweza kuupata. Nikaitafuta, nikaipata, nikaichora kwenye karatasi ya manila. Ni jedwali lenye safu kumi za wima, moja kwa kila karata anayoweza kuifunua mgawaji, kuanzia 2 hadi ree. Na kushuka chini kuna mikono ya mchezaji. Pale mstari na safu zinapokutana pameandikwa: omba, tulia, zidisha dau mara mbili, au tenganisha jozi.

Nilijifunza jedwali lile kama nilivyojifunza jedwali la kuzidisha nikiwa darasa la tatu, yaani kwa kuimba. Ukiwa na 11, zidisha. Jozi ya 8, tenganisha. Jozi ya ree, tenganisha. Jozi ya 10, usiiguse. Ukiwa na 13 hadi 16, na mgawaji ameonyesha 2 hadi 6, tulia. Akionyesha 7 au zaidi, omba. Kila usiku nilijigawia karata mezani kwa nusu saa, mke wangu akidhani ninasahihisha madaftari. Baada ya wiki tatu nilikuwa nikijibu bila kufikiri.

Hapo ndipo nilipokaa kupiga hesabu ya faida nitakayoipata. Haikuwapo. Mchezaji anayelifuata jedwali lile bila kukosea hata mara moja, katika meza yenye masharti mazuri, bado hupoteza karibu nusu shilingi katika kila shilingi 100 anazoziweka. Na pale ambapo nyumba imepunguza malipo ya ree na 10 kutoka tatu kwa mbili hadi sita kwa tano, hasara hiyo huongezeka kwa zaidi ya shilingi nzima. Kanuni iliyo bora kuliko zote ilikuwa ni kanuni ya kupoteza polepole.

Nilikunja ile manila nikaiweka juu ya kabati. Huenda ingebaki huko hadi leo kama si mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili. Kijana huyo alikuwa hodari, lakini muhula ule alianza kukosa vipindi, na hatimaye ikagundulika kwamba sehemu ya ada aliyotumwa na wazazi wake, wakulima wa kahawa, ilikuwa imeingia katika zile mashine za sarafu za sh. 200 ambazo vijana huziita dubwi. Baraza la wakufunzi lilikutana kumjadili. Wengi wetu tulizungumza kwa ukali juu ya maadili. Mimi sikuzungumza. Nilikuwa nikihesabu: ada ile haikufika hata nusu ya nilichopoteza mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo kuomba ruhusa ya kufundisha mada ya uwezekano kwa kutumia karata. Alikubali baada ya majadiliano marefu, kwa sharti kwamba pasiwepo dau la aina yoyote, hata la harage moja. Nililikubali sharti hilo kwa moyo wote.

Sasa nifike kwenye jambo la njia za kufundishia, ambalo ndilo hasa la jarida hili.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kibaya. Niliandaa andalio la somo zuri, nikatundika ile manila ubaoni, nikawaeleza wanachuo kanuni, nikawapa siku mbili wazikariri. Walizikariri. Wanachuo wetu ni mabingwa wa kukariri. Tumewalea hivyo tangu wakiwa wadogo. Nilipouliza, "Una 14, mgawaji anaonyesha 6?" darasa zima liliitika, "Tulia!" Nilipouliza, "Una 14, mgawaji anaonyesha 7?" wakaitika, "Omba!" Nikafurahi. Kisha nikauliza kwa nini karata moja tu ya tofauti, 6 na 7, inageuza jibu. Kimya kikatanda. Mwisho mwanachuo mmoja wa kike, mzaliwa wa Hagati, akanyoosha mkono, akasema, "Samahani Mwalimu, wewe mwenyewe unajua ni kwa nini?"

Swali lile halikuwa la utovu wa adabu. Aliliuliza kwa unyenyekevu. Nikajibu kwamba nitawaeleza kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikuwa nimekariri kama wao.

Jioni ile nilitambua kwamba nimefanya darasani kile kile nilichokifanya kwenye meza ya kamari: nimeweka imani yangu katika mtindo ambao sikuuchungua. Na nilikumbuka ni kwa kiasi gani tunafanya hivyo kila siku. Tunafundisha kwamba ukigawanya kwa sehemu unaigeuza ile sehemu na kuzidisha. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, tunamjibu kwamba ndiyo kanuni.

Kwa kipindi cha pili sikuleta jedwali. Nilinunua seti sita za karata sokoni Mbinga, nikaligawa darasa katika vikundi sita, nikatoa kazi moja tu. Kila kikundi kiweke karata ya 6 wazi mezani kana kwamba ni ya mgawaji. Kisha kichange karata zilizobaki vizuri, kimgawie mgawaji huyo mpaka afike 17 au apite 21, na kuandika matokeo. Kikundi kirudie mara 50. Baadaye kifanye hivyo hivyo kwa karata ya 7.

Kazi ilichukua vipindi viwili na kelele nyingi. Matokeo ya karata ya 6 yaliandikwa ubaoni. Idadi ya mara ambazo mgawaji alipita 21, katika mara 50, ilikuwa hivi kwa vikundi vyetu sita: 14, 27, 22, 24, 20 na 23. Mara moja kukazuka ubishi ambao sikuutarajia. Kikundi cha kwanza kilidai kwamba kikundi cha pili kimekosea kuhesabu; cha pili kikadai kwamba cha kwanza hakikuchanga karata sawasawa. Nilikuwa karibu kuingilia na kutoa hotuba, lakini nilijizuia, nami najipongeza kwa hilo, maana ni kazi ngumu kwa mwalimu. Wakaamua wao wenyewe kubadilishana seti za karata na kurudia. Safari hii kikundi cha kwanza kilipata 22, cha pili kikapata 19. Hakuna aliyekosea. Yule mzaliwa wa Hagati akapendekeza wajumlishe matokeo yote ya mwanzo: 130 katika mara 300, yaani zaidi kidogo ya 43 katika 100. Nilikuwa na namba ya kitabuni mfukoni, ambayo ni karibu 42. Nilipoisoma darasa lilipiga makofi, na sikuwahi kupigiwa makofi katika somo la uwezekano kabla ya siku ile.

Kwa karata ya 7, mgawaji alipita 21 mara 74 katika 300, yaani chini ya 25 katika 100. Hesabu kamili inatoa karibu 26. Sasa sababu ilikuwa imelala mezani mbele yao. Mwenye 6 aghalabu huokota karata ya thamani ya 10, kwa kuwa karata za namna hiyo ni 16 kati ya 52. Anafika 16, na kwa kuwa sheria inamkataza kutulia, analazimika kuchukua nyingine, na karata 8 kati ya kila 13 zitamtupa nje. Mwenye 7 akiokota 10 anafika 17, anatulia salama. Kwa hiyo mchezaji mwenye 14 mbele ya 6 hana haja ya kujitia hatarini, ambapo karata 6 kati ya 13 zingemwangamiza. Amwache mgawaji ajiangamize mwenyewe. Hayo hawakuyapata kwangu. Waliyasema wao, wakikatizana.

Ndipo kijana mmoja Mmatengo, aliyekuwa mkimya tangu muhula uanze, akasimama akatoa mfano wa ngoro. Wenyeji wa Mbinga wanajua habari hii, lakini kwa wasomaji wa mikoa mingine nieleze kwamba ngoro ni mashimo ya shamba yanayochimbwa kwenye miteremko mikali. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya mistari na kuwekwa juu ya nyasi, mpaka mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki, na mazao yakapandwa juu ya kuta hizo. Kijana yule alisema kwamba babu yake alimfundisha kulaza nyasi bila kumweleza sababu, na alipouliza aliambiwa ndivyo inavyofanywa. Akaendelea kulaza nyasi vibaya vibaya kwa miaka miwili. Mpaka siku moja mvua kubwa ilimkuta shambani, akaona kwa macho yake maji yakiingia shimoni na kutulia, badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zake zilizolazwa ovyo zikiacha ukuta ubomoke. "Toka siku ile," alisema, "hakuna aliyenisimamia tena."

Nilitamani kipindi kiishie pale. Lakini kengele ilikuwa bado, na mwanachuo mmoja akauliza juu ya 16 mbele ya 10 ya mgawaji. Huu ndio mkono mbaya kuliko yote. Ukiomba, karata 8 kati ya 13 zinakutoa. Ukitulia, mgawaji mwenye 10 atafika 17 au zaidi karibu mara 77 katika 100, na zote hizo zinakupiga. Wanachuo walipiga kura: nusu waombe, nusu watulie. Walinitazama wakingoja jibu sahihi, kwa tabia ile ile ya kungoja jibu kutoka mbele. Nikawaambia hesabu kamili: ukitulia, unapoteza karibu shilingi 54 katika kila 100, ukiomba, unapoteza karibu shilingi 54 katika kila 100. Tofauti ipo, kwa upande wa kuomba, lakini ni ndogo kuliko senti kumi kwa kila shilingi mia. Nyumba nyingine huruhusu mchezaji kusalimisha nusu ya dau lake na kuondoka; kwa mkono huu hilo ndilo chaguo bora, yaani kupoteza 50 badala ya 54.

"Kwa hiyo Mwalimu," akasema yule wa ada, kijana wa dubwi, ambaye hadi hapo hakuwa amefungua kinywa, "jibu sahihi lipo, na bado ni hasara?"

Nikajibu ndiyo. Akaandika kitu katika daftari lake.

Mengine nitayapita haraka. Tulipiga hesabu ya ile iitwayo bima, ambayo mgawaji huitangaza anapofunua ree: unaweka dau la pembeni kwamba karata yake iliyofichwa ni ya 10, nawe ukipatia unalipwa mara mbili. Inavutia masikioni. Lakini katika kila karata 13, nne tu ndizo za 10. Weka shilingi moja mara 13: unapata 8, unapoteza 9. Usiku ule wa Dar es Salaam mimi niliinunua bima hiyo kila mara, kwa sababu ya jina lake zuri. Tulitafuta pia mahali ilipojificha faida ya nyumba. Wanachuo walifikiri kwamba mchezaji akimwiga mgawaji, yaani kuchukua hadi 17, basi watakuwa sawa kwa sawa. Mgawaji hupita 21 karibu mara 28 katika 100. Naye mwigaji vivyo hivyo. Zidisha 0.28 kwa 0.28, utapata karibu mara 8 katika 100 ambapo wote wawili wamepita, na katika mara hizo zote dau ni la nyumba, kwa kuwa mchezaji alitangulia kupita. Malipo ya ziada ya ree na 10 humrudishia mchezaji mbili na kidogo. Zilizobaki, tano na nusu hivi, ndizo hulipa umeme wa jumba.

Kijana wa ada alinifuata ofisini wiki iliyofuata. Alitaka jedwali la mashine ya sarafu. Nikamwambia halipo wala haliwezi kuwapo, kwa sababu mashine ile haimwachii mchezaji uamuzi wowote. Hakuna cha kuomba wala kutulia. Akauliza juu ya mikeka ya mpira wa miguu. Tukapiga hesabu pamoja: mtu aliye na uhakika wa 60 katika 100 kwa kila mechi, na ambaye mkeka wake una mechi 10, atapatia zote mara 6 hivi katika 1,000. Alikaa kimya. Kisha akaniuliza kama mimi nimewahi kucheza. Ningeweza kumdanganya, nilikuwa na mazoezi ya miezi minne. Nikamwambia yote, pamoja na habari ya wavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi Mwalimu, mimi nitawaambia wazazi wangu Jumamosi. Nawe umwambie mdogo wako."

Nilishuka ziwani Jumamosi hiyo hiyo. Siku hizi barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, ni ya lami, na safari ambayo zamani ilikuwa ya kutwa nzima inakwisha kabla mtu hajapanga maneno yake vizuri. Nilimkuta mdogo wangu mchangani, wavu wake wa zamani umetandazwa juu ya mtumbwi. Nilimwambia bila kuzunguka. Hakunikatiza. Alipokwisha kunisikia, aliendelea kuitazama ile shimo kubwa katika wavu kwa muda, halafu akauliza kama karata ninazo.

Tulikaa chini ya mwembe tukagawa, bila dau. Nilimfundisha jedwali kama wanachuo walivyonifundisha kulifundisha, sababu kwanza na kanuni baadaye, na kwa kuwa yeye ni mtu aliyezoea kusoma upepo wa kusini kabla ya kusukuma mtumbwi majini, alielewa upesi kuliko darasa langu. Tulipofika kwenye 16 mbele ya 10, aliirudia mara kadhaa.

"Kaka, ukitoka hasara, ukibaki hasara."

"Ndiyo."

"Hao waliolipigia hesabu jedwali hili walipata nini?"

Nikamweleza kwamba walikuwa vijana wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, kwenye kambi ya Aberdeen huko Maryland. Kwamba walifanya hesabu zote kwa mashine ndogo za mezani, kabla kompyuta hazijawa kitu cha kawaida, wakazichapisha mwaka 1956 katika jarida la wanatakwimu. Miaka michache baadaye Edward Thorp alizirudia kwa kompyuta, akatoa kitabu mwaka 1962 kilichomfanya ajulikane. Lakini wale wanne wa kwanza, faida yao ilikuwa kwamba majina yao yameandikwa juu ya makala.

"Wala hawakwenda kucheza na fedha za wavu," alisema.

Tulikubaliana kwamba nitamlipa sh. 40,000 kila mwezi kwa miezi sita. Alinitaka mimi ndiye niandike orodha ya tarehe, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, lakini ikae kwake. Nilipomaliza kuandika aliikunja akaiweka mfukoni, akanipa sindano ya kushonea nyavu na gurudumu la uzi, akashika ncha moja ya wavu wa zamani. Usiku ule hakukuwa na mwezi, na mitumbwi ya wengine ilikuwa imekwisha kuwasha taa zake ziwani. Nilishika ncha ya pili.